Sikio la Kushoto la Ndama

Mwanamke yule alifika bomani Alhamisi asubuhi, askari wa zamu akiwa bado anafagia ua, na hakuna mtu aliyekuwa akimtazamia. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Hakwenda kwenye baraza la mashauri, ambako watu walikuwa wamekwisha kukaa chini wakingoja zamu zao. Alizunguka nyuma, akakifikia chumba kidogo kilichopakana na ghala ya mtama, akasimama mlangoni na kuuliza kama hapo ndipo anapokaa yule karani anayeulizia ng'ombe.

Yoramu aliinua kichwa, akatabasamu. Alikuwa amelizoea jina hilo. Dodoma nzima ilimwita Karani wa Ng'ombe, ingawa kazi aliyopewa na serikali ilikuwa ya watoto, wale waliopotezana na wazazi wao wakati wa njaa kubwa, wakaokotwa kwenye visima vya njia ya misafara na kando ya reli mpya. Aliwaandika katika daftari, akawatafutia watu wao, na wakishafika kwao aliwatembelea kila mwezi aone kama wanakula na kama wanacheka. Hilo la kucheka hakuagizwa na mtu. Aliliongeza mwenyewe.

Ng'ombe waliingia katika kazi hiyo kwa sababu moja tu. Mtoto wa miaka mitatu hajui jina la baba yake, kwake yeye ni baba. Hajui jina la kijiji, kwake ni nyumbani. Lakini mtoto wa Kigogo anawajua ng'ombe wa zizi la kwao mmoja mmoja, rangi yake na pembe yake na jina analoitwa. Basi Yoramu aliwauliza watoto habari za ng'ombe, akapeleka habari hizo kwa wachungaji na kwa wauza chumvi wanaotembea vijiji vyote, na majibu yakarudi. Watoto kumi na tisa walikuwa wamefika kwao kwa njia hiyo. Kila jioni aliwataja kwa majina katika sala zake, akishukuru.

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Mwanamke hakukaa. "Nimesikia unamtafuta mwenye ng'ombe mweupe, masikio meusi, pembe moja imeinama mpaka jichoni. Jina lake Kipembe."

Yoramu aliiweka kalamu mezani. "Habari hiyo ni ya miaka miwili, mama. Mwenye Kipembe nilishampata. Ni Mzee Matonya wa Nala."

"Kwetu Haneti imefika juzi, na muuza chumvi." Mwanamke alimeza mate. "Ahsante kwa kuniambia jina la mwenyewe, maana mume wangu alikufa nalo. Lakini Kipembe sisi tulikuwa tukimkamua tu. Mimi namtafuta mtoto. Anaitwa Nyemo."

Alieleza akiwa amesimama vilevile, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Mume wake alikufa kwa njaa, naye mwenyewe akalala chini na homa, hajui usiku wala mchana. Shemeji yake akaona mtoto atakufa, akaamua kumpeleka Dodoma kwenye chakula. Alimbeba alfajiri akiwa amelala, ili asilie. Shemeji hakurudi. Watu wakamwambia mama kwamba wote wawili walifia njiani, naye akaamini, akaomboleza, mpaka muuza chumvi alipopita.

Yoramu alimkumbuka vizuri. Nyemo wakati ule alikuwa amekutwa kisimani, katikati ya wapagazi wasiomjua, na kwa siku tatu alikataa kufumba macho. Alikaa wima kama mlinzi, akisinzia na kushtuka. Hakuna aliyejua kwa nini. Ndipo Yoramu alipochuchumaa mbele yake na kumpa ahadi, ahadi ndogo ya kumtuliza mtoto: hakuna mtu atakayekuondoa mahali ukiwa umelala, mimi mwenyewe nitahakikisha, tutangoja uamke. Usiku ule alilala.

"Ulipewa Kipembe na nani?" aliuliza, ingawa alianza kuogopa jibu.

"Na rafiki wa mume wangu, kule Chenene. Majani yalipowaishia alimleta kwetu. Alisema ng'ombe ni wa kaka yake."

Basi kosa likasimama mbele yake, wazi kabisa. Mwenye ng'ombe wengi katika Ugogo hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki wamtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wa mwenyewe. Mzee Matonya alikuwa amempa Kipembe mdogo wake wa Chenene, na mdogo huyo na nyumba yake yote waliisha katika njaa. Nyemo alipomtaja Kipembe, mzee alijifunika uso kwa mikono na kusema huyu ni mjukuu wa mdogo wangu, hakuna mwingine anayelijua zizi lile. Kumbe ng'ombe alikuwa amekabidhiwa mara mbili. Yoramu, aliyezaliwa na kukulia ndani ya desturi hiyo, alikuwa ameuliza mara moja tu.

Na kulikuwa na jambo lingine. Kesho yake, Ijumaa, wajomba wa Dorkasi binti Matonya wangefika Nala kuisikiliza posa ya Yoramu.

Mzee Matonya mwanzoni alikuwa amekataa. Alisema hatampa binti yake mtu wa kalamu asiye na hata mbuzi wa kumfunga kambani. Kilichomlainisha ni Nyemo. "Umenirudishia mdogo wangu," alimwambia Yoramu siku moja, machozi yakimlengalenga. "Nikikunyima kitu tena, nitakuwa mtu gani?" Na Dorkasi, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake na kibuyu cha maziwa, aliinua macho akamtazama Yoramu, akayashusha, akayainua tena. Kwa mtazamo ule Yoramu alitembea maili zote za kurudi Dodoma bila kuhisi jua.

Ndiye Dorkasi aliyekuwa akimlea Nyemo. Alikuwa amesoma misheni, na kila mwezi Yoramu alipokwenda kumwona mtoto, Dorkasi alimchungulia daftarini akimtania. "Mtoto yu mzima, amenenepa. Mstari mmoja, Bwana Karani, na umeuandika tangu asubuhi. Mkono unauma?" Yoramu alikuwa akijibu kwamba kazi ya serikali haifanywi haraka.

Sasa alilifunga daftari. Alimwambia mama yake Nyemo anywe uji kwanza, kisha wataondoka pamoja.

*

Walifika Nala ng'ombe wakiingia zizini. Njiani Yoramu alikuwa amemweleza mwanamke kila kitu, hata habari ya posa, naye akasema kwamba hakujua kuwa kumpata mwanawe kungemwumiza mtu mwingine. Yoramu alimjibu kwamba kosa ni lake yeye, na kwamba anamshukuru Mungu kwa kumleta mama akiwa hai.

"Mbukwenyi, baba," alisalimu.

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja leo? Mkwe gani huyu asiyeweza kungoja hata kesho?" Mzee Matonya alicheka, akatazama nyuma ya Yoramu, na kicheko kikapungua. "Na mgeni."

Yoramu alimweleza wakiwa wamesimama penye mlango wa tembe. Hakuzunguka. Mzee alisikiliza akitazama fimbo yake, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.

"Watu wengi waliwaona ng'ombe wangu," alisema hatimaye. "Kusema pembe imeinama si kazi. Mama, wewe unasema ulimkamua Kipembe. Haya. Kamua huyu hapa, nikuone."

Mwanamke alipokea kibuyu kutoka kwa Dorkasi, akaingia zizini, akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe mwekundu aliyekuwa akirusha mkia. Halafu akapiga ulimi mara tatu, kwa sauti ndogo ya chini, kama mtu anayeita kifaranga.

Nyemo alikuwa upande wa pili wa ua, akicheza na majivu. Aliinuka. Hakumtazama mwanamke usoni hata kidogo. Alitembea mpaka kwenye ndama, akamshika sikio la kushoto, akamvuta pembeni na kumzuia hapo, mguu mmoja mbele, jinsi mtu mzima anavyofanya. Kisha akangoja, kana kwamba ndiyo kazi yake ya kila siku.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha hilo Nala. Hapo kwa Mzee Matonya ndama walifungwa kambani.

Maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu. Mwanamke alikamua akiwa ameinamisha kichwa ubavuni mwa ng'ombe, mabega yake yanatikisika, lakini mikono haikukosea. Dorkasi alijiziba mdomo kwa kitambaa. Mzee Matonya aligeuka akaingia ndani ya tembe.

Mwanamke alipotoka zizini alimfuata mpaka mlangoni, akapiga magoti na kumpa kibuyu kwa mikono miwili. "Kuna neno jingine, baba. Kipembe alikufa, lakini aliacha mtamba. Nimemtunza. Yupo kwangu Haneti, mzima. Nilikuwa sijui nimpeleke kwa nani."

Mzee alikipokea kibuyu.

*

Alfajiri mzee alimwita Yoramu uani. Nyota zilikuwa zimeanza kufifia. Dorkasi alikuwa akichochea moto na hakuondoka.

"Sikukatalii mtoto," alisema Mzee Matonya. "Macho yangu yaliona. Lakini nisikilize. Mwaka ule nilichinja dume. Nilimwaga pombe kaburini kwa mdogo wangu, nikamwambia mjukuu wako amerudi. Wajomba hawa wanaokuja leo waliila nyama ile. Wakifika wakute kilio hapa, waambiwe Matonya alidanganya marehemu kwa sababu ya karani, watakaa kusikiliza posa ya karani huyohuyo?"

"Hawatakaa, baba."

"Basi. Mtoto amelala. Mama yake ambebe sasa, waondoke kabla hakujapambazuka. Nitasema ameenda kutembea kwa ndugu. Posa yako itasikilizwa leo. Wajomba nitawaambia polepole, mwezi ujao, tukiwa tumeshakunywa pombe ya arusi. Je, nimekuonea?"

Hakuwa amemwonea. Yoramu aliona kwamba mzee, katika maumivu yake, alikuwa amekaa macho akimtafutia njia. Alimtazama Dorkasi. Mwanga wa moto ulikuwa usoni mwake, na macho yake yalikuwa makubwa, yakimngoja. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na jioni wangekuwa wachumba.

"Baba, nilimwahidi sitamwacha aondolewe amelala."

"Ulimwahidi mtoto wa miaka mitatu. Ameshasahau."

"Mimi sijasahau."

Mzee alimgeukia binti yake kama anayeomba msaada. "Mwambie, Dorkasi. Huyu anaitupa posa yako kwa sababu ya usingizi wa mtoto."

Dorkasi aliuweka chini ukuni aliokuwa ameushika.

"Mimi ndiye ninayelala naye, baba. Miaka miwili hii, kila usiku ananishika kidole kabla ya kufumba macho. Nikijigeuza ananiuliza, nikiamka nitakuwa hapahapa? Namjibu ndiyo, karani alisema. Hajasahau." Alijifuta jicho kwa kiganja. "Naitaka posa hii kuliko mnavyojua nyote wawili. Lakini mwacheni aamke."

Yoramu aliingia ndani akaketi karibu na ngozi aliyolalia Nyemo. Mama yake alikuwa ameketi upande wa kichwani, mikono mapajani, haigusi hata nywele ya mtoto. Dorkasi akaja akaketi miguuni. Hivyo walikaa, watatu, wakisikiliza pumzi za mtoto. Jogoo wa kwanza akawika, na wa pili. Mwanga ukaingia kwenye mlango mdogo. Nje, mapema kuliko walivyotazamiwa, sauti za wanaume zikasikika zikisalimiana.

Wajomba walikuwa wamefika. Nyemo bado alikuwa amelala.

Wakasikia mzee akiwakaribisha, wakasikia viti vikivutwa, mtu mmoja akiuliza mbona nyumba imepoa hivi siku ya neema. Mzee Sila, mjomba wa Yoramu aliyekuja kumsemea, akaulizia yuko wapi kijana wao. Yoramu hakuinuka.

Hatimaye Nyemo alifumbua macho. Alimwona Yoramu, akacheka, maana haikuwa siku yake ya kuja. Kisha akamwona mwanamke.

"Nyemo," Yoramu alisema, "umeamka?"

"Nimeamka."

"Mtu wako amekuja. Huyu ndiye mama yako, aliyekuwa akimkamua Kipembe. Alikuwa mgonjwa, hakujua ulipo. Leo utakwenda naye Haneti. Nimekuja kukuambia ukiwa macho, kama tulivyopatana."

Mtoto alimtazama mwanamke muda mrefu. Mwanamke akapiga ulimi mara tatu, polepole. Uso wa Nyemo ukakunjika, na akalia. Hakulia kwa hofu tu. Alimlilia Dorkasi, alimlilia mama, alilia kwa vile mikono yake ilikuwa miwili na watu wa kuwashika walikuwa wengi. Kilio kile kilitoka nje na kujaza ua mzima.

Mzee Matonya aliwaeleza wajomba mwenyewe. Hakumtwika Yoramu lawama, lakini kwao haikusaidia. Mjomba mkubwa alisimama, akakung'uta nguo yake. Alisema hana ugomvi na kijana, ila hawezi kuketi kusikiliza posa juu ya jambo lililoharibika namna hii. Kwanza marehemu waombwe radhi, mavuno yapite, ndipo waone kama kuna la kuzungumza. Wakaondoka bila kuonja pombe. Mzee Sila alibaki amekishika kiti chake, hajui akikalie au akiache.

Yoramu aliona yote yakipita mbele yake kama mvua inayoonekana ikinyesha kwa jirani.

Jua lilipopanda, mama na mtoto walikuwa tayari. Mzee Matonya aliwasindikiza mpaka mlangoni. Nyemo alimpa mkono kama alivyofundishwa kuwapa wakubwa, na mzee aliushika mkono ule, akauficha wote ndani ya kiganja chake.

"Yule mtamba wa Kipembe," alimwambia mama, "usimlete. Abaki kwako. Akizaa, maziwa yake mnywe."

"Baba, ni ng'ombe wako."

"Ndiyo maana nasema abaki. Anayetunza ng'ombe wangu ni mtu wangu. Wajomba wakiniuliza mtoto huyu ni nani kwangu, sasa nitakuwa na jibu la kweli." Akakohoa, akamtazama Yoramu. "Na wewe, safari hii andika vizuri. Andika mara zote mbili alizokabidhiwa."

Yoramu aliinama, akamshika mzee miguu.

Dorkasi alitembea nao mpaka njia ilipogawanyika. Alikuwa amembeba Nyemo mgongoni, kisha akamshusha, akamfunga shanga yake mwenyewe shingoni, na kumwambia kwamba karani atakuja Haneti kila mwezi kuona kama anacheka, na akirudi atapita Nala kueleza.

"Haneti na Nala haziko njia moja," Yoramu alisema taratibu.

"Kazi ya serikali haifanywi haraka," alijibu Dorkasi. Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda katikati. "Nimekukasirikia, ujue. Tangu alfajiri nimekukasirikia. Na kila nikikukasirikia nakuona umeketi pale na mikono umeifumbata, huinuki, na wajomba wako nje. Nashukuru sana, Yoramu. Sijui nimshukuru nani, lakini nashukuru." Hakuwahi kumwita kwa jina lake kabla ya siku hiyo. "Uwele ukivunwa, mlete tena Mzee Sila. Nitakuwepo."

"Na wakikataa?"

"Basi mtakuja na mwaka mwingine."

Alisimama njiani akiwatazama mpaka kichaka kilipowaficha. Yoramu aligeuka mara nne.

Nyemo alikataa kubebwa. Alitembea kwa miguu yake, macho wazi, mkono mmoja kwa mama na mwingine kwa karani, akiuliza jina la kila kilima. Ruhusa ya Yoramu bomani ilikuwa ya siku mbili, na alikuwa amehesabu kuwafikisha kwa jumbe wa kijiji cha pili kabla jua halijazama, ili apate kurudi kwa wakati. Lakini saa sita joto lilipozidi, hatua za mtoto zililegea, kichwa kikaanguka kwenye paja la mama yake walipokaa kunywa maji, na papo hapo akashikwa na usingizi.

Mama aliinama amweke mgongoni. "Tukimbeba sasa tutafika mapema," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe una kazi yako, Bwana Karani. Utagombezwa."

Yoramu alilitazama jua, akaitazama njia iliyobaki. Akavua kanzu yake, akaitundika kwenye mti wa miiba ili kivuli kimfikie mtoto usoni, akaketi chini vumbini na kuweka daftari magotini.

"Mwache, mama," alisema. "Tutangoja aamke."